Kisiki na Mbegu: Safari ya Mkaratusi kutoka Rio Claro hadi Karura

Garimoshi lilikuwa na njaa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kila injini iliyopanda kutoka pwani kuelekea bara ilidai kuni. Misitu ya asili iliyokuwa kando ya njia isingeweza kulisha matanuri yale milele. Mwaka 1902 wakoloni wakaleta Kenya mti wa Australia wenye sifa ya kukua upesi na kuchipua tena baada ya kukatwa. Mti huo ni mkaratusi.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, reli nyingine ilikuwa na njaa ileile. Katika jimbo la São Paulo, nchini Brazili, kampuni ya reli ya Companhia Paulista ilimwajiri kijana aliyesomea kilimo huko Coimbra, Ureno. Jina lake Edmundo Navarro de Andrade, mzaliwa wa mwaka 1881. Mwaka 1904 alikuwa ameshaanza kupanda miti ya kienyeji ya Brazili sambamba na mikaratusi, ili aone upi utatoa kuni kwa haraka. Mkaratusi ukaiacha mbali miti mingine yote.

Reli hizo mbili hazikujuana. Lakini miaka 93 baadaye, katika kitalu kimoja ndani ya msitu wa Karura, Nairobi, njia zao zilikutana. Kilichozikutanisha kilikuwa swali ambalo kila mpanda miti lazima alijibu, ajue asijue: nipande mti uliotoka kwenye mbegu, au nipande mti uliokatwa kutoka mti mwingine?

Navarro alikuwa mtu wa mbegu. Aliagiza mbegu kutoka pande nyingi za dunia, na kwenye shamba la Rio Claro akakusanya spishi zaidi ya 100 za mkaratusi, akazipanda bega kwa bega. Alitaka kulinganisha. Lakini maua ya mkaratusi huchavushwa na wadudu, na nyuki hajui mpaka wa kitalu kimoja na kingine. Chavua ya spishi hii ikaangukia ua la spishi ile. Hata mbegu zenyewe nyingine zilifika na majina ya kukosea: zipo zilizotoka Java zikiitwa spishi moja, kumbe zilikuwa za Eucalyptus urophylla, mti wa Timor na visiwa jirani. Kwa hiyo mbegu iliyookotwa Rio Claro chini ya mti fulani ilimjua mama yake tu. Baba angeweza kuwa yeyote.

Mbegu hizo zikasambazwa kote Brazili. Kwa mtu wa kuni halikuwa tatizo kubwa. Mti ukiwa mrefu unaungua, ukiwa mfupi unaungua, ukipinda nao unaungua.

Mambo yalibadilika kiwanda cha karatasi kilipochukua nafasi ya garimoshi. Mwaka 1967 kampuni ya Aracruz ilianza kupanda mikaratusi kwenye pwani ya Espírito Santo, penye joto na unyevu mwingi, ikitumia kwa wingi mbegu za Rio Claro. Shamba lilipokua, ukoo wake mchanganyiko ukajitokeza wazi. Mti huu ulikwenda juu kama mlingoti, jirani yake ukadumaa, wa tatu ukagawanyika matawi mawili ukiwa bado chini. Kisha yakaja maradhi. Kuvu iliyokuja kuitwa Cryphonectria cubensis ilishambulia magome karibu na ardhi, ikachimba madonda, na miti mingi ikafa au kuvunjika kwa upepo.

Hapa ndipo mbegu ilipotoa zawadi ambayo hakuna aliyeiomba. Katikati ya miti iliyooza, mmoja mmoja, palisimama miti mirefu, iliyonyooka, isiyo na donda hata moja. Hiyo ilikuwa machotara. Mingi ilirithi kasi ya Eucalyptus grandis upande mmoja na uvumilivu wa urophylla upande mwingine. Uchanganyaji uleule ulioliharibia shamba usawa wake ndio uliozaa wokovu wake.

Lakini mti mmoja haujazi shamba, na ukiokota mbegu zake hupati mti ule. Kila mbegu huchukua nusu ya urithi wa mama na nusu ya urithi wa baba, na nusu hizo huchaguliwa upya kila mara. Ni kama kuchanganya karata na kuzigawa tena: mkono uliokushindia jana hauji leo kwa sababu tu karata ni zilezile. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani, na ndiyo maana mbegu za chotara bora huzaa wachache walio bora, wengi wa kawaida, na baadhi dhaifu kabisa. Aliyetaka mti uleule, kwa ukamilifu wake, ilimbidi autoe mwilini mwake. Mti wa namna hiyo siku hizi huitwa kloni.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mkulima wa muhogo hupanda pingili. Wa mgomba huhamisha chipukizi. Mkonge ulioijengea Tanga jina ulitokana na vichipukizi 1,000 ambavyo Mjerumani Richard Hindorf aliviagiza kutoka Florida mwaka 1893. Vilivyonusurika safari na kuota vilikuwa 62 tu, na kutoka hivyo mashamba yakaenea. Wajapani nao kwa karne nyingi wamepanda misitu ya mti wao wa sugi kwa vipandikizi vya matawi.

Mkaratusi, hata hivyo, ulikataa. Tawi la mti mzima likichomekwa ardhini hukauka au huoza. Huko Australia, watafiti Pryor na Willing walieleza mwaka 1963 namna walivyokuwa wakihangaika kuuzalisha mti huo bila mbegu. Mwaka 1970 Paton na wenzake walionyesha chanzo kimojawapo cha ugumu: sehemu za mti uliokomaa zina kemikali inayozuia mizizi kuota. Mche mchanga hauna kizuizi hicho. Watafiti wakajikuta njia panda. Mche mchanga ulikubali kutoa mizizi, lakini bado haujulikani utakuwa mti wa namna gani. Mti mzima ulijulikana kwa urefu, unyofu na afya, lakini ulikataa kutoa mizizi. Mti ulipokubali haukujulikana, na ulipojulikana haukukubali tena.

Jibu lilikuwa kwenye kisiki. Yeyote aliyewahi kukata mkaratusi kwa ajili ya fito ameona kisiki kikitoa machipukizi laini baada ya wiki chache. Machipukizi hayo yanatoka chini kabisa, mahali ambapo mti uliuhifadhi utoto wake huku kichwa kikizeeka huko juu. Ukiyakata yangali mabichi, ukayaweka kwenye kivuli chenye ukungu wa maji usiokatika, hutoa mizizi kama miche. Ili kuuzaa upya mti bora, ilibidi kwanza uangushwe.

Siri hii ilifanyiwa kazi sehemu mbili ndani ya muongo mmoja. Ya kwanza ilikuwa barani kwetu. Kwenye savana za mchanga usio na rutuba jirani na Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, watafiti wa misitu walikuwa wakijaribu mikaratusi tangu miaka ya 1950, na huko nako machotara yalijitokeza yenyewe kwenye viwanja vya majaribio. Mwaka 1974 Martin na Quillet walichapisha maelezo ya jinsi ya kuotesha vipandikizi vyake. Mwaka 1978 upandaji mkubwa ukaanza, na hatimaye zaidi ya hekta 40,000 za ardhi iliyokuwa nyasi tupu zikawa msitu wa kloni. Wengi hudhani elimu ya namna hii ilitujia Afrika kutoka mbali. Katika hili Afrika ilikuwa mstari wa mbele, na inafaa wanafunzi wetu wa misitu walijue.

Sehemu ya pili ilikuwa Aracruz. Edgard Campinhos na mwenzake Yara Ikemori walizunguka mashamba yaliyougua wakichagua miti iliyosalimika, wakaikata, wakaotesha machipukizi yake, kisha wakaipima upya kloni moja baada ya nyingine. Mwaka 1979 shamba la kwanza la biashara la kloni likapandwa. Mwaka 1984 wao pamoja na Leopoldo Brandão na Ney dos Santos walipewa tuzo ya Marcus Wallenberg ya Uswidi, inayotolewa kwa kazi za misitu. Katika miaka ya 1990 Wabrazili wakaenda mbele zaidi. Badala ya kungoja kisiki shambani, walikuza miche mama midogo kitaluni, wakawa wanachuma vichipukizi vya sentimita chache tu, tena kwa mwaka mzima.

Tulinganishe sasa kwa haki. Anayechagua mti bora na kupanda mbegu zake anapata sehemu tu ya ubora ule, kwa kuwa nusu ya urithi inatoka kwa baba na sehemu nyingine ya ubora hutokana na mpangilio wa pekee wa vinasaba ambao mbegu huuvunja. Anayepanda kloni anaupata ubora wote kwa mkupuo. Shamba lake linalingana: miti inafikia unene wa nguzo kwa wakati mmoja, gogo la kwanza na la elfu yanaingia kiwandani yakiwa na mbao za aina moja. Ugonjwa ambao mti mmoja uliushinda, shamba zima linaushinda.

Gharama yake ipo pia. Kloni ni kazi ya kitalu chenye maji ya uhakika na mikono iliyofunzwa, kwa hiyo mche wake ni ghali kuliko wa mbegu. Kipandikizi hakishushi mzizi mkuu kama mche wa mbegu, kwa hiyo kisipooteshwa vizuri mti huweza kulala kwa upepo. Na lililo zito kuliko yote ni kwamba kloni haisongi mbele. Ukiipanda leo na ukaipanda tena baada ya miaka 30, ni mti uleule. Dunia itakuwa imebadilika, mvua zitakuwa zimebadilika, wadudu watakuwa wengine, yenyewe itabaki palepale.

Ipo pia miti isiyofungua mlango huo wa kisiki. Misonobari ya Pinus patula inayofunika vilima vya Sao Hill, Mufindi, nchini Tanzania, ikikatwa haichipui tena. Kwa miti kama hiyo wakuzaji hushika njia ya bustani ya mbegu: huchagua miti bora, huunganisha vikonyo vyake kwenye miche mingine, huikusanya mahali pamoja na kuuacha upepo uchanganye chavua ya wateule peke yao. Huko Nyuzilandi, kwa msonobari wa radiata, wamepata njia ya katikati: mbegu chache za wazazi bora huoteshwa, kisha miche yake ingali michanga hukatwa vipandikizi vingi, ili familia nzima iongezwe bila kumtegemea mtoto mmoja.

Hatari ya kumtegemea mmoja ilishaandikwa Ulaya kwa herufi kubwa. Elmi ya Uingereza, mti uliopamba mashamba na vijiji vyao kwa karne nyingi, ilienea kwa machipukizi ya mizizi. Mwaka 2004 watafiti waliopima vinasaba vyake walionyesha kwamba ni kloni moja, iliyochukuliwa Italia na Warumi, waliokuwa wakiitumia kuegemezea mizabibu. Ugonjwa wa kuvu ulipofika na mbawakawa wa magome kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, haukukuta mti hata mmoja wenye siri tofauti. Mamilioni kwa mamilioni ya miti yalikufa, mandhari ya nchi ikabadilika ndani ya kizazi kimoja.

Mkaratusi nao ulionywa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 huko Bahia, Brazili, kloni zilianza kunyauka zikiwa zimesimama. Kuvu iitwayo Ceratocystis fimbriata ilikuwa imeingia kwenye mishipa ya maji ya mti. Mwaka 2000 ugonjwa huohuo ukaripotiwa kwenye mikaratusi ya Kongo. Kuvu hii ina tabia ya kutisha: huweza kusafiri ndani ya kipandikizi chenyewe. Mikono inayozidisha mti bora huweza, bila kujua, kuzidisha pamoja nao kifo chake.

Ndivyo tunavyofika Karura. Mwaka 1997, kwa fedha za shirika la hisani la Gatsby la Uingereza, na kwa ushirikiano wa idara ya misitu ya Kenya na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kloni za kampuni ya Mondi ya Afrika Kusini zililetwa Nairobi. Nyingi zilipewa herufi GC na namba: chotara wa grandis, mwenye kasi, na camaldulensis, mwenye kuvumilia ukame. Matumaini yalikuwa kwamba mkulima mwenye robo eka katika eneo lenye mvua chache naye apate nguzo, fito na kuni bila kungoja uzeeni. Wakulima wakazipokea kwa shauku. Neno "kloni" likaingia kwenye mazungumzo ya barazani, na namba zile zikatajwa kama mtu anavyotaja mbegu ya mahindi.

Mwaka 2002, magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, majani ya mikaratusi yakaanza kuvimba vinundu kwenye mishipa na vikonyo. Mwaka 2005 vinundu vikaonekana Tanzania. Aliyevileta ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, Leptocybe invasa, mwenyeji wa Australia kama mkaratusi wenyewe. Anataga kwenye machipukizi mabichi, na mche ulioshambuliwa sana hujikunja na kudumaa. Miti yenye damu ya camaldulensis ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, ingawa kloni hazikuumia sawasawa: nyingine zilielemewa, nyingine zikastahimili.

Nyigu huyu ana jambo moja linalonikaa moyoni kila ninapolifikiria. Mara nyingi jike lake huzaa majike bila dume. Ni kusema kwamba naye hujinakili. Kloni ya mdudu ilikuwa imeikuta kloni ya mti, na palipokuwa na kloni moja dhaifu iliyojaza kilima kizima, mdudu alikuwa na chakula asichohitaji kukizoea upya mti hadi mti. Afrika Kusini ilimtafutia adui wake wa asili huko Australia, nyigu mwingine aitwaye Selitrichodes neseri, akaachiliwa mwaka 2012. Lakini silaha iliyokuwa karibu zaidi ni ile iliyookoa Aracruz, yaani tofauti kati ya mti na mti. Palipokuwa na kloni kadhaa, au na miche ya mbegu, palibaki miti ya kuanzia upya.

Kuna kosa moja lililowagharimu wakulima wetu wengi, nami naliandika hapa kwa sababu bado linatendeka. Mtu anaona kloni ya jirani imenyooka, anaokota mbegu chini yake, anazipanda, kisha analalamika kwamba amedanganywa. Hakudanganywa. Mbegu za chotara huchanganya karata upya, na zikitoka kwenye shamba la kloni moja tupu, ua limechavushwa na ndugu yake asiye na tofauti naye hata kidogo, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa dhaifu. Anayetaka kloni achukue kipandikizi kitaluni. Anayetaka mbegu aipate kwenye bustani ya mbegu, kutoka kwa wazazi wengi waliochaguliwa.

Kosa la pili ni la wakubwa zaidi: kuona kwamba kwa kuwa kloni ipo, kazi ya mbegu imekwisha. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wabrazili waliofaidika na kloni kuliko taifa lolote hawakuacha kamwe kupanda mbegu. Walirudi Australia na Indonesia kukusanya mbegu mpya kutoka misitu ya asili, wakazalisha kwa kuchagua baba na mama, wakapanda maelfu ya miche isiyofanana, wakaipima mwaka baada ya mwaka, na kutoka humo wakatoa kloni za kuchukua nafasi ya zile zilizochoka. Mashamba yao huyagawa vipande vya kloni mbalimbali, ili ugonjwa ukiingia kipande kimoja ukutane na ukuta kwenye kinachofuata.

Kwangu mimi, kloni ni mavuno na mbegu ni shamba. Anayekula mavuno hana kosa, amefanya kazi apate kula. Lakini nchi zetu zinapoagiza kloni kutoka ng'ambo huku viwanja vya kujaribia mbegu vikimezwa na magugu, zinavuna shamba la mwingine. Siku mwenye shamba akinyamaza, au siku akija mdudu ambaye kloni za mwenye shamba hazimjui, tutakuwa na visiki vingi na hatutakuwa na cha kuchagua.

Kila kloni yenye herufi na namba iliwahi kuwa mbegu moja isiyo na jina, ndogo kuliko ufuta, ikiwa imelala kwenye kitalu pamoja na maelfu ya wenzake. Iliota. Ikapandwa mstarini pamoja na ndugu wasiofanana nayo. Miaka ikapita, wengi wakaugua, wengine wakapinda. Kisha siku moja mtu akapita kati ya mistari ile akiwa na kamba ya kupimia na kopo la rangi, akatazama juu, akazunguka shina akikagua gome, akalipaka alama. Misitu yetu inahitaji mtu huyo aendelee kupita, na inahitaji mistari ya kupita.